Kufuga Nzi kwa Ajili ya Uve

Wenzangu wa bustani, siku mliponiaga mlinipa blanketi mkaniomba hotuba. Hotuba ilinishinda, nikala keki. Sasa nimekaa kwangu Troyeville, chai iko mezani, hakuna anayenisubiri na toroli, kwa hiyo nitawaandikia niliyoshindwa kuyasema. Vyeo sitavisimulia. Kwenye bustani ya nyumba ya wazee vyeo ni viwili tu: anayegeuza mboji, na anayesimama pembeni kumwambia ageuze vizuri. Nimevipitia vyote viwili, na cha kwanza kilikuwa na raha zaidi.

Nilianza kazi katikati ya baridi. Mume wangu Sipho alikuwa mmoja wa wale waliokimbilia Tanzania wakati wa kupigania nchi yao. Tukaoana Morogoro, na nchi ilipofunguka akanileta kwao. Njiani alinieleza kila kitu kuhusu Johannesburg: ndugu zake, mitaa, vyakula, nani nisimkopeshe. Baridi akaisahau. Mimi mtoto wa Morogoro, ambaye sweta kwangu lilikuwa pambo, nilitoka nje asubuhi ya kwanza nikakuta nyasi zimekuwa nyeupe. Sipho akasema ni sakitu tu, umande ulioganda, jua likipanda utayeyuka. Nikamuuliza mimi nitayeyuka lini.

Nilipoenda kuripoti kazini nilikuwa nimevaa nguo zangu zote, na kanga nimejifunga ndani ya ovaroli mpaka nikashindwa kuinama. Aliyenipokea ni Mzee Mthembu, mtunza bustani mkuu, Mzulu mrefu asiyependa maneno mengi. Alinitazama nilivyokuwa nikitetemeka na reki mkononi. Badala ya kunipa kazi akanipeleka mpaka ukuta wa mwisho wa bustani, kwenye lundo la mboji: majani makavu, maganda ya jikoni, mavi ya kuku, vyote vimepangwa tabaka juu ya tabaka. Lundo lilikuwa likitoa mvuke. "Woza, sisi," akasema, yaani njoo, dada. Akafukua kidogo, akanionyesha nitie mikono.

Nilidhani ndiyo mzaha wanaofanyiwa wageni. Nikatia. Ndani kulikuwa na joto kama la sufuria ya ugali iliyotoka kuepuliwa. Nilisimama pale mikono imezama kwenye uchafu mpaka vidole vikanirudia, na nikalia bila kuficha. Sikuwa nimepata joto hata kidogo tangu nifike nchi hii. Mzee Mthembu akageukia upande wa pili, akajifanya anakagua ukuta.

Siku hiyo hiyo alinifundisha kutumia nondo. Mnaijua, ni ile ile mnayoitumia mpaka leo, kipande cha chuma kilichosalia ukuta ulipojengwa. Unaichoma katikati ya lundo, unaenda kufanya shughuli nyingine, kisha unarudi, unaichomoa na kuishika. Ikikuunguza ukaiachia, lundo liko hai. Ikiwa vuguvugu, lina njaa. Ikiwa baridi, umeliua mwenyewe, usimtafute mchawi. Miaka ya karibuni tuliletewa kipimajoto chenye kioo cha namba. Kilikuwa kizuri sana, betri ikaisha, nondo ikaendelea na kazi. Mzee Mthembu aliongeza onyo moja tu: mboji ni kama mgeni aliyechoka, akishalala usimfunuefunue shuka.

Miaka iliyofuata sitaieleza yote. Mvua ya mawe ilitumaliza mara nyingi kuliko ninavyokumbuka, na kila mara tulianza upya na mawaridi. Mizizi ya jakaranda ilipasua bomba la maji, fundi akalaumu bomba, mwenye bomba akamlaumu fundi, mti ukakaa kimya ukichanua. Kulikuwa na bibi mmoja Mreno, mkazi wetu, aliyekuwa akipanda sukuma wiki katikati ya mawaridi kila tukimpa kisogo. Nilizing'oa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili nikazitilia mbolea, kwa sababu supu yake ilikuwa tamu na alijua kugawa.

Lakini kesi kubwa ya maisha yangu ya kazi ilikuwa nzi. Lundo la mboji na jiko la wazee kwenye kiwanja kimoja ni paka na panya. Mzee Mthembu alipostaafu akaniachia nondo na vita hiyo. Baadaye akaja mpishi mkuu mpya, Mama Clémentine, Mkongo kutoka Bukavu anayekaa Malvern, na hapo vita ikapata jenerali. Siku yake ya kwanza alikuja bustanini na mwiko mkononi.

"Mama Thandi," akaniambia, maana ananiita kwa jina la binti yangu, "mi sina maneno na weye. Lakini nzi moya ikiingia mu cuisine yangu, moya tu, njo tutajuana."

Nilimpenda palepale. Tukahamisha malundo yote yakae mbali zaidi, tukayafunika kwa maturubai yaliyobanwa kwa matofali, na kila ganda la jikoni tukalifukia kwa majani siku hiyo hiyo. Wageni wakitutembelea walisifu maua. Mimi na Mama Clémentine tulijua sifa ya kweli ya mahali pale: ungeweza kula papai kibarazani bila kupunga mkono. Kama mngeniuliza mwaka juzi nimefanya nini maishani, ningejibu kwamba nimefukuza nzi, na nimefukuza vizuri.

Ndipo baridi ya mwisho kabla sijastaafu, akabaki uve.

Uve ni jina la Kizulu nililopewa na Mzee Mthembu, na sijawahi kutumia jingine. Ni ndege mdogo, mgongo wa rangi ya tofali, kichwa cheusi chenye kung'aa, na duara la buluu kuzunguka jicho kama bibi harusi aliyepakwa wanja usio wake. Dume ana mkia mrefu kuliko yeye mwenyewe. Chakula chake ni wadudu wanaoruka, huwadaka hewani na kurudi kwenye tawi lake. Kila mwaka walikuja kwetu majira ya kuchipua, wakajenga kwenye mti wa pichi, na kabla ya sakitu ya kwanza walishaondoka kwenda nchi za chini kwenye joto. Wana akili kuliko mume wangu, nilikuwa nikisema.

Mwaka ule wote waliondoka isipokuwa dume mmoja. Mkia wake mrefu ulikuwa umenyofoka, na bawa moja alilibeba chini kidogo. Nadhani paka alimgusa. Aliweza kuruka kutoka mti hadi mti, lakini safari ya mbali isingewezekana. Sakitu ikashuka. Asubuhi nikamkuta kwenye kamba ya kuanikia nguo, amejivimbisha manyoya akawa duara, macho yamefumba nusu. Jua lilipopanda aliruka mara moja kumfuata mdudu ambaye hakuwepo, akarudi.

Wazee walimwona na wakampenda, na mapenzi yao nusura yamuue. Kila mmoja alimwekea alichokuwa nacho: mkate, wali, hata uji. Uve haokoti kitu chini. Makombo yale yakawaita kwezi, wale ndege wa macho ya manjano, wenye kelele na ubabe, wakajaza kibaraza kizima na kumfukuza kwenye kamba yake. Ikabidi nizunguke chumba kwa chumba kuomba watu waache wema.

Nikakaa juu ya ndoo nikawaza. Ndege huyu anahitaji wadudu wa kuruka. Wadudu wa kuruka, katika baridi ile, wako mahali pamoja tu, chini ya maturubai yangu, ndani ya lile joto. Ningeweza kumwacha na kusema ni kazi ya Mungu. Lakini kila nikimtazama kwenye ile kamba nilijiona mimi na kanga zangu na reki. Mzee Mthembu alinipeleka kwenye lundo. Sikuweza kupita tu.

Basi nikaondoa turubai. Nilisubiri jua lipige ukuta, kama saa nne hivi, nikachoma uma na kugeuza. Mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke usubi, vinzi vidogo kama punje za pilipili manga. Uve alikuwa kwenye kamba. Akainua kichwa. Kisha akaja mpaka kwenye mpini wa toroli, akaanza kazi yake: tap, anadaka, anarudi, tap. Nilisikia mdomo wake ukifunga. Nilifurahi mpaka nikasahau kuhema.

Mama Clémentine hakusahau kitu. Alikuja akiwa na aproni.

"Nzi!" akasema. "Mama Thandi, weye mwenyewe! Unafuga nzi mu jardin ya bazee?"

"Ni usubi tu, Mama Clémentine. Kwa ajili ya huyo ndege."

"Usubi leo, kesho nzi. Na inspecteur wa afya anakuja mwezi huu. Akikuta hata moya ku nyama yangu, nani atafukuzwa? Kandege?"

Hakuwa amekosea. Jiko lilikuwa lake na jina lilikuwa lake, na watoto wake walikuwa wanasoma kwa jiko lile. Tulibishana mpaka wazee wakasogeza viti wasikie vizuri. Mwisho tukakubaliana: nitafungua lundo la mbali tu, asubuhi tu, na nzi wa kwanza atakayeonekana jikoni, turubai linarudi na ndege ni wa Mungu.

Nyumbani nilimwambia binti yangu Thandi. Thandi anakisikia Kiswahili chote, hasa kile asichotakiwa kusikia, lakini hujibu kwa Kizulu. Safari hii alijitahidi. "Hawu, Ma! Miaka yote unaua nzi, sasa unawapikia?" Sipho akacheka mpaka akavua miwani.

Mambo yakaenda vizuri, na hapo ndipo nikaharibu. Ndege alinizoea. Nikichukua uma tu, yuko kwenye toroli. Nikaanza kugeuza asubuhi, kisha na mchana kidogo, kisha na jioni ili alale ameshiba, kinyume na ahadi niliyompa Mama Clémentine. Mtu wa umri wangu, mwenye nondo ya Mzee Mthembu mkononi! Kila nilipogeuza, joto lilitoka na mvuke, na baridi ikaingia. Ningemwona mmoja wenu akifanya hivyo ningempokonya uma. Lakini ndege alikuwa anakula, nami nilikuwa nimelewa kule kula kwake.

Kisha baridi kubwa ikaja kutoka kusini, ile yenye upepo na mawingu, ambayo jua lenyewe linaingiwa na uvivu. Asubuhi nikachomoa nondo. Ilikuwa baridi kama reli. Nikaichoma upande mwingine, baridi. Nikageuza, hakuna mvuke, hakuna usubi, ila majani yaliyolowa. Uve alikuwa kwenye toroli ananisubiri. Alitazama lundo, akanitazama mimi. Hakujivimbisha tena manyoya, na hilo lilinitisha kuliko yote, maana ndege anayeacha kujivimbisha ameacha kupigana. Bawa lile moja lilining'inia.

Nilienda mlango wa jikoni na mikono imejaa matope. Sikuwa na mpango wowote. Nilisema tu, "Mama Clémentine, nimelifunuafunua. Limekufa. Na yeye anakufa."

Nilitegemea aniambie nilikuambia. Alinawa mikono, akatoka, akasimama mbele ya lile toroli. Ndege hakuruka hata aliposogea karibu. Mama Clémentine akainama kumtazama.

"Kananiangalia," akasema. Kisha akauliza, "Anakula zile nzi kidogo-kidogo? Zile za ndizi?"

"Hizo ndizo anazipenda. Lakini baridi hii utazipata wapi?"

Akaenda kwenye kona akapiga simu, Kifaransa kikichanganyika na Kiswahili cha Bukavu, sauti ikipanda. Nikasikia "usifungue ile ndoo" na "shemeji, nasema sasa hivi".

Sasa mnapaswa kujua kitu. Kanisani kwao Malvern kulikuwa na harusi, na kwao harusi haiwi harusi bila mutobe, maji ya ndizi mbivu. Ndizi hizo walizinunua mtaa wa Jules kwa wachuuzi, wakaziivisha karibu na jiko, wakazikamua kwa mikono pamoja na nyasi mpaka maji yakatoka. Si pombe, asiwadanganye mtu, nimeyanywa mimi ninayeswali. Yakishakamuliwa yanabaki makapi. Na makapi ya ndizi yakikaa karibu na jiko lenye moto, nyumba ya Mkongo yeyote itakuambia kinachofuata.

Shemeji yake alifika na bakki, yaani pikapu, akashusha ndoo kubwa iliyofungwa kitenge cha harusi, kisha akasimama mbali nayo. Kitenge kilikuwa kinavuma.

Yule yule Mama Clémentine, jenerali wangu, aliibeba ndoo ile kwa mikono yake miwili kupita mbele ya jiko lake mwenyewe. Tuliiingiza kwenye kibanda cha miche, kile cha vioo, ambacho hata siku ya mawingu huwa na joto kidogo. Nilikuwa nimemleta uve ndani ya kofia yangu, nikamweka juu ya kijiti cha nyanya. Moyo wake niliusikia kwenye vidole. Mama Clémentine akalegeza kona ya kitenge.

Walitoka kama moshi. Wadogo, wekundu wa macho, wanene kwa sukari. Mmoja akatua karibu na mdomo wa uve. Hakufanya kitu. Wa pili akapita. Mama Clémentine alikuwa amenishika mkono wangu, ameubana kweli, na alikuwa anaomba chini kwa chini. Nami nilikuwa naomba kwa njia yangu. Wa tatu akapita, na uve akanyoosha shingo akamdaka bila kuondoka kijitini. Akameza. Akatulia. Akadaka mwingine. Halafu akaruka, mruko mfupi wa kilevi, akadaka, akarudi.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Merci Yezu," akasema Mama Clémentine, akaniachia mkono, akajifuta macho kwa aproni. Kisha akakumbuka yeye ni nani. "Na huo mlango ufungwe! Mnataka ziingie mu cuisine?"

Kuanzia hapo kazi ilikuwa rahisi, na nawaandikia utaratibu wake kwa sababu iko siku mtauhitaji. Maganda ya ndizi zilizoiva tuliyatia kwenye wavu wa vitunguu, tukautundika kibandani, na ile ndoo ya makapi, ndiyo mbegu ya nzi wetu, tukaiacha daima kwenye joto. Mchana jua likiwepo tulifungua mlango, ndege akatoka akanyoosha mabawa. Lundo nililipa chakula upya: majani ya chai, maganda mabichi, mavi ya kuku, zulia kuukuu juu yake. Nikaliacha. Mkono uliniwasha lakini nikaliacha. Nondo ilikuja vuguvugu, kisha ya moto, na siku ilipoanza kuniunguza tena nikarudi kufungua kona moja tu, saa nne ya asubuhi, mara moja, na kufunika.

Mkaguzi wa afya alikuja. Alipekua jiko la Mama Clémentine kabati kwa kabati na hakuona nzi hata mmoja. Wangekuwa na kazi gani jikoni, wakati bustanini wameandaliwa karamu? Akiwa kibarazani aliuliza ndege yule mzuri anakula nini. Mama Clémentine akamjibu, "Anakula vizuri," akamkaribisha chai.

Baridi ikachoka. Mpichi ukatoa maua ya waridi kwenye matawi matupu, na asubuhi moja niligundua kitu kwa uve. Mkia ulikuwa unachomoza. Manyoya mawili, kwanza urefu wa ukucha, kisha kidole, kisha akawa anayaburuta nyuma kama shela. Nilimwita Mama Clémentine atoke.

"Ule mkia," nikamwambia, "umetokana na nini? Siku zote hizi hakula kitu ila nzi wetu."

Akautazama, akaweka mikono kiunoni. "Ile ni mutobe," akasema.

Wenzake walirudi wiki yangu ya mwisho kazini. Tulisikia sauti kwenye jakaranda, naye akajibu kutoka juu ya kibanda, akapaa, bawa likiwa sawasawa, akaenda. Sikuhuzunika hata kidogo. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Nilimtafuta Mama Clémentine nimwambie, nikamkuta yuko dirishani kwake, ameshaona.

Ndiyo maana hotuba ilinishinda siku ile. Nyinyi mlikuwa mnangoja hekima, mimi nilikuwa natazama mpichi, pale uve wetu alipokuwa anajenga kiota na mwenzake.

Nondo nimewaachia, haikuingia kwenye blanketi langu. Imechomekwa katikati ya lundo la mbali. Nendeni mkaishike, ikiwaunguza mjue mambo ni mazuri. Halafu irudisheni, funikeni, mwacheni mgeni alale.